Mafunzo Niliyopata Nikiunda Kamera Ndogo za Joto Kyela

1. Kamera hujiona yenyewe kwanza

Mchana mmoja wa fukuto hapa Kyela nilielekeza kamera ukutani nikaiacha. Picha ya ukuta uleule ikazidi kung'aa. Kilichokuwa kinapata moto ni kasha. Kihisi cha kamera hizi hakipozwi na mtambo wowote: kila nukta yake hubadilisha ukinzani wa umeme inapopashwa na miale ya mikromita 8 hadi 14, na miale hiyo hutoka hata kwenye kuta za ndani za kasha lenyewe. Kwa hiyo kifuniko kidogo hujifunga mara kwa mara mbele ya kihisi, kamera ipime joto lake na kuliondoa kwenye picha. Ukibana kasha, prosesa inasogea karibu na kihisi. Zitenganishe, na joto la prosesa ulipitishe kwenye alumini hadi nje. Fanya hivyo kabla ya kufikiria umbo zuri.

2. Kioo ni ukuta

Mvua ya Matema ilinifanya niikinge kamera kwa kioo safi. Milima ya Livingstone iliyokuwa mbele yangu ikatoweka pichani. Nikabaki naangalia mwako wa uso wangu. Kioo cha dirisha huzuia miale hii, ndiyo maana lenzi huchongwa kwa gerimaniamu, ambayo haipitishi kabisa mwanga unaoonekana kwa macho. Ni ghali, na tangu Agosti 2023 China inadhibiti uuzaji wake nje. Kwa mvua tu, polithini nyembamba inatosha.

3. Bati jipya hudanganya

Huakisi ubaridi wa anga. Bandika utepe mweusi wa umeme, pima hapo.

4. Nenda alfajiri, na usogee

Kwenye chemchemi za Kilambo, kaskazini mwa Kyela, katika ufa wa Mbaka ambako TGDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, inatafuta jotoardhi, mawe yaliyopigwa na jua yalinifichia maji moto mchana kutwa. Kabla ya mapambazuko mkondo wote ulijitokeza, hadi vijichemchemi ambavyo mguu ungevikanyaga bila kujua. Lakini kihisi cha nukta 160 kwa 120 chenye lenzi ya nyuzi 57, kikiwa mita 100 kutoka unachokipima, kila nukta yake hufunika zaidi ya nusu mita. Kijito cha upana wa kiganja huchanganywa na tope baridi kikapotea. Chagua lenzi yako ukishajua udogo wa unachokitafuta.