Kupiga Picha Unguja Misimu Yote

Swali: Mpiga picha wa ridhaa aliyepo Unguja atoke wakati gani, na ajaribu nini kila msimu?

Jibu: Misimu ya pwani hufuata pepo. Wakati wa kaskazi, takribani Desemba hadi Machi, jua hupanda upesi, hivyo mwanga laini hupatikana kwa muda mfupi tu, alfajiri na magharibi. Masika huwafungia wengi ndani, na hiyo ni hasara kubwa: wingu zito huondoa vivuli vikali, na mbao za milango ya Mji Mkongwe hukolea rangi zikilowa.

Kusi ndiyo hufaa zaidi kwa majaribio ya mwendo. Shata ikiwekwa sekunde 1/15 na kamera ikifuata ngalawa inayopita, tanga huonekana wazi huku bahari ikigeuka michirizi. Picha nyingi huharibika kabla ya moja kutoka vizuri. Vuli huleta mawingu mazuri ya machweo.

Mwezi nao huangaliwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali na kuacha madimbwi yanayoakisi mbingu, na mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani hufichuka. Wakulima wake, wengi wao wanawake, huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha.