Mpango Unapobadilika Mlimani: Somo kwa Vikundi Vinavyosafiri Pamoja



Kila mwaka vikundi vya marafiki hubeba mabegi mgongoni na kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine ni vijana wa sharika zetu. Wengine ni wageni kutoka sharika rafiki za Ulaya na Marekani, ambao wakimaliza ziara yao hupenda kwenda mlimani pamoja na wenyeji wao. Safari ya namna hii huandaliwa kwa miezi mingi. Michango hukusanywa, likizo huombwa, viatu huazimwa. Ndiyo maana inakuwa vigumu sana kusema "tubadilishe mpango" siku mambo yanapogeuka.

Katika somo hili tunataka kujifunza jambo moja: kundi linalokubaliana mapema, likiwa bado chini, jinsi litakavyobadili mpango, ndilo lenye nafasi kubwa ya kurudi salama na kuendelea kuwa kundi la marafiki.

1. Mpango wa kawaida na hesabu yake

Tuchukue njia ya Marangu, ambayo wengi wanaifahamu. Geti liko kwenye mita 1,900 hivi. Usiku wa kwanza watu hulala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu hufika Kibo, karibu mita 4,700, na kabla hakujapambazuka huanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Siku hiyo hiyo hushuka hadi Horombo, na siku ya tano hurudi getini.

Sasa tuangalie hesabu. Waganga wa maradhi ya milimani wanashauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku moja ya kukaa pale pale. Katika njia hii tunapanda mita 1,000 hivi kila usiku. Kwa hiyo mpango wa siku tano una hatari ndani yake hata kabla ya mtu kufunga kamba za viatu. Wengi huongeza siku ya sita, wakakaa Horombo siku mbili. Mchana hutembea kuelekea Mawenzi, na jioni hurudi kulala pale pale. Hilo husaidia, lakini si kinga kamili.

Sababu yake ni hewa. Kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unahitaji siku kadhaa. Nguvu za misuli hazisaidii hapa. Kijana mcheza mpira anaweza kuugua na mama wa miaka hamsini akafika kileleni, kwa kuwa kijana alikwenda mbio na mama alikwenda polepole. Na mtu aliyefika salama mwaka jana anaweza kuugua mwaka huu.

2. Dalili ambazo kila mmoja azijue

Dalili za mwanzo za ugonjwa wa mlima ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizi asipande zaidi mpaka zimwishe. Zikizidi, ashuke.

Dalili za hatari ni za aina mbili. Ya kwanza ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa au kusinzia mno. Hiyo ni ishara kwamba ubongo unavimba. Ya pili ni kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, pamoja na kikohozi, wakati mwingine chenye povu. Hiyo ni ishara ya maji kwenye mapafu. Hali zote mbili huua, na zinaweza kuua kwa muda mfupi. Tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Oksijeni na dawa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Na kuna kanuni moja isiyo na ubishi: mgonjwa wa mlimani haachwi peke yake.

3. Yaliyotukuta Horombo

Tulikuwa marafiki saba, watano wenyeji na wageni wawili. Tulichagua siku sita. Majuma mawili kabla ya safari tulikutana Moshi, na dada mmoja kati yetu, ambaye ni muuguzi, alisisitiza tuandike makubaliano. Tuligawana wawili wawili, na mmoja akaungana na mwongozaji msaidizi. Tukaandika kwamba mmoja akishuka kwa ugonjwa, mwenzake anashuka naye. Tukaandika pia kwamba neno la mwisho ni la mwongozaji mkuu, na tukatenga fungu la dharura ambalo mtunza hazina aliruhusiwa kulitumia bila kuitisha kikao.

Siku ya kupumzika Horombo ilipita vizuri. Asubuhi yake mwenzetu mmoja, yule yule aliyekusanya michango na kutuhamasisha wote, hakugusa uji. Alipoulizwa alijibu, "Ni uchovu tu, nitachangamka njiani." Mwenzake wa chumba akasema wazi kwamba alikuwa ametapika mara mbili usiku. Mwongozaji akamwomba atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Alikwenda hatua nne akayumba.

"Kaka, safari yako ya juu imeishia hapa," mwongozaji akasema. "Tunashuka sasa hivi."

Mmoja wetu alipendekeza alale kambini hapo, tumpitie kesho tukirudi. Mwongozaji alikataa. Kubaki kwenye mwinuko ule ule ni kumwacha mgonjwa ndani ya kile kinachomwumiza.

Hapo ndipo makubaliano yetu yalipopimwa. Mwenzake wa chumba alikuwa mgeni. Alikuwa ameweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya safari hii, na nyumbani kwao watu walikuwa wameahidi kutoa sadaka kwa kila mita atakayopanda. Hakusema neno. Alianza kufunga begi lake ashuke. Ndipo kijana mmoja mwenyeji wa Marangu akamshika mkono, akasema, "Mlima huu ni wa kwetu, mimi nitarudi siku nyingine. Nipe zamu yako, wewe endelea."

Waliongea wawili pembeni, kisha wakakubaliana. Mgonjwa alipewa oksijeni, wapagazi wakamteremsha kwa machela ya gurudumu moja hadi lilipomsubiri gari, na kijana wa Marangu hakuachana naye mpaka hospitalini. Alilazwa siku mbili, akapona. Kati ya watano walioendelea, watatu walifika Uhuru na wawili waliishia Gilman's Point. Fungu la dharura lililipa gari na hospitali. Fedha za siku ambazo wawili wale hawakuzitumia hazikurudi.

Tuliporudi, kazi ngumu ilibaki. Mwenzetu aliyeugua aliona haya hata kuja kwenye kikao cha taarifa. Dada muuguzi alimfuata nyumbani. Katika taarifa tuliandika majina saba, si matatu, na tukaeleza kila mmoja alifanya nini. Yule mgeni naye aliwaandikia watu wa kwao kwamba zamu yake ya kushuka ilibebwa na mwingine.

4. Historia ya mlima huu inatufundisha vivyo hivyo

Jina la Hans Meyer wa Ujerumani linajulikana kwa kufika kileleni mwaka 1889. Tunachosahau ni kwamba alilazimika kubadili mpango mara nyingi. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu akarudi. Mwaka 1888 safari yake na Oscar Baumann haikufika hata mlimani. Vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilikuwa vimewaka huko pwani, na wawili hao walikamatwa, wakaachiliwa kwa fidia.

Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Safari hii walipanga kambi zenye akiba ya chakula huko juu, ili wakishindwa siku moja wasilazimike kuanza tena kutoka chini. Mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani alikaa nao kambi ya juu katika baridi ile. Simulizi za Marangu zinamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo, mwongozaji wao. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona kilele bado kiko mbali na wao wamechoka, wakageuka. Walipumzika, wakasogeza malazi yao karibu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakafika.

Tuone hapo: uamuzi wa kugeuka tarehe 3 ndio uliowawezesha kufika tarehe 6. Na kugeuka huko kuliwezekana kwa sababu akiba ilikuwepo na watu wa kuitunza walikuwepo.

5. Mambo ya kuandika kabla ya safari

Tunashauri kila kundi liwe na karatasi moja, isainiwe na wote, yenye mambo haya:

(a) Nani anaamua. Kilimanjaro haipandwi bila mwongozaji mwenye leseni. Kundi likubali mapema kwamba akisema "shuka", hakuna kura.

(b) Nani anashuka na nani. Kila mtu awe na mwenzake. Waongozaji wasaidizi wawe wa kutosha ili kundi likigawanyika, kila upande uwe na wake.

(c) Kusema ukweli. Kila asubuhi na jioni kila mmoja aulizwe hali yake, na mwenzake aruhusiwe kumsemea. Hilo si umbeya.

(d) Dawa. Wanaotaka kutumia asetazolamidi wamwone daktari kabla ya safari. Dawa ya maumivu isitumike kuficha kichwa kinachouma ili mtu apande.

(e) Fedha. Fungu la dharura litengwe, na ijulikane nani anaweza kulitumia. Wageni wahakikishe bima yao inagharimia uokoaji hadi mita 6,000.

(f) Wapagazi. Nao wanaugua, nao wahesabiwe. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, awe na nguo za baridi, na akiugua ashushwe kwa uangalifu ule ule.

(g) Mambo yasiyo ya mwili. Mvua, theluji na moto navyo hubadili mpango. Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Kundi liwe na siku moja ya ziada kabla ya tiketi ya ndege.

6. Neno kwa wanaochangia

Wapendwa wafadhili, tunajua wengi wenu mnawatia moyo wapandaji kwa kuahidi mchango kwa kila mita, au mchango mkubwa akifika kileleni. Nia ni njema na fedha hizo zimesaidia wengi. Lakini fikirini mtu aliye kwenye mita 4,700 usiku, kichwa kinamgonga, naye anakumbuka kwamba akigeuka, kisima cha watu kinakosa pampu. Mtu huyo hawezi kusema ukweli kuhusu hali yake. Tunaomba ahadi itolewe kwa safari, isifungwe kwenye kilele. Mwandikieni kabla hajaondoka: "Mchango wetu ni ule ule, utakapogeuka popote." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika safari au shughuli yetu ya mwisho ya pamoja, nani alikuwa na mamlaka ya kusema "turudi"? Je, wote walijua?

2. Kijana wa Marangu alijitolea, hakulazimishwa. Je, makubaliano yaliyoandikwa yalimsaidia au yalimzuia? Elezeni.

3. Tunampokeaje mwenzetu aliyeishia njiani? Taarifa zetu humtaja, au huwataja waliofika tu?

4. Ni ahadi gani tulizopewa, au tulizotoa, ambazo zinamfanya mtu aone haya kubadili mpango? Tunaweza kuziandika upya namna gani?