Fuvu la Rusinga na Imani Yetu

Maandiko: Zaburi 19:1, Waebrania 11:3

Mwaka jana kijana wa kidato cha nne hapa Migori aliniuliza, "Pasta, kama binadamu ni maumbile tu, Mungu anaingilia wapi? Na lile fuvu la Rusinga?" Nikamjibu, "Wewe omba tu, wacha maswali." Jumapili iliyofuata hakuja. Mpaka leo hajarudi. Hilo kosa ni langu.

Rusinga ni jirani, hapo Homa Bay. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata huko fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa kale, aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Fuvu lipo. Kulikana si imani.

Lakini tutofautishe. Sayansi inachunguza maumbile: inapima, inahesabu. Anayesema hakuna kitu kingine zaidi ya maumbile hajapima, ameamini.

Mimi nilisomea biashara. Daftari la hesabu litaonyesha mama ameuza ng'ombe na karo imelipwa. Upendo wake haliandiki. Mkaguzi akisema upendo haupo kwa sababu haumo daftarini, amevuka mpaka wa kazi yake. Nami nilivuka wangu nilipomfunga kijana mdomo.

Tendo la wiki: Mtafute kijana mmoja aliyenyamaza. Muulize swali lake, umsikilize mpaka mwisho. Mimi Jumamosi naenda kwao na yule wangu, kwanza kumwomba msamaha.

Sala: Bwana, tupe imani isiyoogopa maswali. Amina.