Adhabu Bila Mahakama Jeshini

Askari aliyechelewa gwaride na askari aliyemuuzia adui siri wote wamevunja sheria, lakini si haki kuwapima kwa mizani moja. Je, yule wa kwanza huadhibiwaje? Na tutazame jeshi la Marekani.

Sheria ya kijeshi ya nchi hiyo ilipitishwa mwaka 1950, ikaanza kutumika mwaka 1951. Kifungu chake cha 15 chamruhusu kamanda kuadhibu makosa madogo yeye mwenyewe, bila kuitisha mahakama ya kijeshi. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kosa hurekebishwa upesi na askari hurudi kazini, wala hahesabiwi kuwa ametiwa hatiani na mahakama.

Uwezo huo una mipaka. Kapteni wa kombania hawezi kumpa askari kazi za ziada kupita siku 14, wala kumkata mshahara kupita wa siku 7. Meja aweza kutoa kazi za ziada hadi siku 45, na kukata nusu ya mshahara kwa miezi 2. Cheo pia chaweza kushushwa. Lakini kumfukuza mtu jeshini hakumo katika adhabu za kifungu hiki.

Tena, kabla ya kuadhibiwa, askari huambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujieleza. Aweza hata kukataa, akadai apelekwe mahakamani. Lakini kukataa si mchezo, maana mahakama yaweza kumfunga. Akikubali, kisha akaona adhabu imezidi, aweza kukata rufani kwa mkubwa wa kamanda wake.

Baharia aliye melini hana ruhusa ya kukataa. Zamani nahodha alisikiliza mashauri hayo chini ya mlingoti, na mpaka leo baraza lake huitwa mlingoti wa nahodha. Hadi mwisho wa mwaka 2018, baharia wa cheo cha chini aliweza kufungiwa melini siku 3 kwa mkate na maji tu. Adhabu hiyo ilifutwa Januari 2019.

Basi tumejifunza kwamba adhabu ya upesi yafaa pale mwenye kuadhibu anapowekewa mpaka, na mwenye kuadhibiwa anapokuwa na pa kusemea.

Maswali
1. Kwa nini askari aweza kukubali adhabu ya kamanda badala ya kwenda mahakamani?
2. Je, ni haki baharia kunyimwa ruhusa ya kukataa? Toa sababu zako.