Kufundisha Namna ya Kuuliza Kanzidata ya Nyaraka: Somo la Kadi na Dirisha

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la sita kumtazama mwanachuo akifundisha TEHAMA. Shuleni hapo hapakuwa na kompyuta. Kwa hiyo mwanachuo alikuwa amechapa chuoni karatasi yenye jibu lililotoka katika kanzidata ya nyaraka, akaibandika ubaoni. Aliwahesabisha wanafunzi nyaraka zilizoorodheshwa, zikawa 20, naye akaandika: "Nyaraka zote ni 20." Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, mbona pale juu pana namba kubwa kuliko hiyo?" Mwanachuo akamwambia aketi, maana muda ulikuwa umekwisha.

Mtoto yule ndiye aliyekuwa ameisoma karatasi sawasawa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kosa lile lilitoka wapi, na kuonyesha namna somo hili liwezavyo kufundishwa vema hata mahali pasipo na umeme.

1. Mwalimu ajue jambo lenyewe kwanza

Chombo kinachotunga kanuni za kiufundi za intaneti huitwa IETF, nacho kilianza mwaka 1986. Nyaraka za kanuni hizo huitwa RFC. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker mwezi Aprili 1969, yaani kabla ya chombo chenyewe kuwapo, na leo idadi yake imepita 9,000. Kanuni mpya huanza kama rasimu, na rasimu isipotolewa upya hupitwa na wakati baada ya miezi sita. Ili ijulikane kila waraka umefikia wapi, umeandikwa na nani, na umo mikononi mwa kikundi gani, IETF hutunza kanzidata iitwayo Datatracker.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Karani wa masjala naye hutunza daftari linaloonyesha kila jalada liko kwa nani.

Kanzidata hiyo ina milango miwili. Mmoja ni wa watu, wenye kurasa za kutazamwa. Wa pili ni wa programu za kompyuta, nao huitwa kiolesura cha programu. Katika mlango wa pili, swali huandikwa kama anwani, kwa mfano:

datatracker.ietf.org/api/v1/doc/document/?type=draft&limit=20&offset=0&format=json

Sehemu iliyo kabla ya alama ya kuuliza hutaja sanduku litakalofunguliwa, ambalo hapa ni la nyaraka. Sehemu iliyo baada yake ni masharti: nipe rasimu tu; zisizidi 20 kwa mara moja; usiruke hata moja; jibu liwe katika muundo wa JSON. Kusoma hakuhitaji neno la siri.

Jibu huja katika sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo juu ya jibu: jumla ya nyaraka zote zinazotimiza masharti, ngapi zimerukwa, na anwani ya fungu linalofuata. Ya pili ni orodha ya nyaraka zenyewe. Mwanachuo wetu alihesabu sehemu ya pili, akaiacha ya kwanza. Ile 20 haikuwa idadi ya rasimu. Ilikuwa kipimo cha fungu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekiomba.

2. Shabaha ya somo

Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze: (a) kuandika swali lenye masharti yanayoeleweka; (b) kutofautisha jumla ya jibu na fungu alilopewa; (c) kuomba mafungu yote mpaka yaishe.

3. Zana

Andaa kadi 40 za vitabu vya darasa. Kila kadi iwe na namba, jina la kitabu, somo, na namba ya rafu. Kadi 17 ziwe za Kiswahili. Andaa pia kadi chache za rafu, zinazoeleza rafu iko wapi na nani anaitunza. Kadi za vitabu zipangwe kwa namba ndani ya sanduku moja, na za rafu katika sanduku la pili.

4. Hatua za kufundisha

Hatua ya kwanza. Mwanafunzi mmoja aketi nyuma ya dirisha pamoja na masanduku. Yeye ndiye mhudumu. Wenzake hawaruhusiwi kuingia wala kusema naye. Wanapitisha vikaratasi tu.

Hatua ya pili. Mwulizaji aandike: "Sanduku: vitabu. Somo: Kiswahili. Idadi: 5. Ruka: 0." Mhudumu atoe kadi tano za kwanza, na juu yake kikaratasi: "Jumla 17. Kinachofuata: ruka 5."

Hatua ya tatu. Uliza darasa: "Tuna vitabu vingapi vya Kiswahili?" Watakaosema 5 usiwakemee. Waambie wasome kikaratasi cha juu. Kisha waendelee kuomba kwa kuruka 5, 10, na 15. Mafungu yatakuwa 5, 5, 5 na 2, jumla 17. Atakayesahau kubadili namba ya kuruka atapewa kadi zile zile, naye ataliona kosa lake mwenyewe.

Hatua ya nne. Kadi ya kitabu hutaja namba ya rafu tu. Anayetaka kujua mtunzaji wa rafu hana budi kupeleka swali la pili katika sanduku la rafu. Ndivyo ilivyo katika Datatracker: jibu juu ya waraka hutoa anwani ya kikundi, na habari za kikundi huombwa kwa anwani hiyo.

5. Majibu matatu yasiyofanana

Wanafunzi wazoezwe kutofautisha mambo haya. Kikaratasi kisemacho "Nipe vitabu vizuri" kirudishwe na maneno "Swali halieleweki", kwa kuwa uzuri haukuandikwa katika kadi. Anayeomba kadi namba 90 aambiwe "Kadi hiyo haipo." Anayeomba vitabu vya somo lisilo na kitabu apewe jibu halali: "Jumla 0." Hili la mwisho si kosa, swali lilikuwa sahihi, na sifuri ndilo jibu lake.

Kwa wanafunzi wepesi, ongeza kadi mpya ya Kiswahili mwanzoni mwa sanduku baada ya fungu la kwanza kutolewa. Kadi ya tano itatokea tena mwanzoni mwa fungu la pili, na ile mpya haitaonekana na mwulizaji. Waeleze sababu yake.

Hitimisho

Ndugu mwanachuo, huenda wengi wa watoto hawa wasiandike programu maishani mwao. Lakini wengi watakaa mbele ya daftari au mashine, na mzazi atasimama mbele yao akiuliza kama jina la mwanawe limo. Aliyezoea kutazama fungu la kwanza tu atamjibu "Halimo", na mzazi ataondoka. Aliyefundishwa vema atasoma jumla kwanza, kisha atatafuta mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Nasi tunaofundisha tujifunze kwa msichana yule. Muda ukiisha na mkono wa mtoto ukiwa bado juu, andika swali lake pembeni mwa ubao, na kipindi kijacho kianzie hapo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama kila fungu lina kadi 6, kadi 17 zitahitaji maswali mangapi, na kila swali liruke ngapi?
2. Kwa nini "Jumla 0" na "Swali halieleweki" si jibu moja?
3. Andaa kadi za somo jingine ambalo jibu lake halitimii bila kufungua masanduku mawili.