Ligi yenu ya Fantasy hufa Desemba? Tazameni zawadi kwanza

Agosti kundi la WhatsApp huwaka moto. Watu ishirini wamechanga, kila timu ina jina la kuchekesha, na usiku wa kuamkia raundi ya kwanza simu hazizimwi. Ikifika Desemba wanaoandika ni watano, na wawili kati yao wanagombania hela. Mwenyekiti husema watu wa siku hizi hawana uvumilivu. Labda. Lakini Fantasy Premier League ina raundi 38, Agosti hadi Mei, na ligi nyingi za ofisini na za mtaani humlipa mtu mmoja tu, tena mwishoni kabisa. Aliye nafasi ya kumi na nne siku ya Krismasi, nyuma ya kinara kwa pointi 150, afungue programu atafute nini? Huyo uvumilivu anao. Na hesabu anaijua pia.

Jedwali na zawadi ndivyo vinavyowafundisha wanachama tabia. Ukitaka tabia nyingine, badilisha unacholipa. Haya ni kwa mwenyekiti, mhazini, na yeyote atakayeombwa mchango msimu ujao.

1. Igawe hela kwa miezi

Watu 20 wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja, mfukoni kuna 200,000. Ukimpa bingwa zote, umewapa raha watu watatu au wanne wanaokimbizana kileleni. Waliobaki ni wafadhili. Tenga nusu kwa nafasi tatu za juu za msimu, na nusu nyingine igawe kwa miezi kumi: 10,000 kwa kinara wa kila mwezi. Si hela nyingi. Lakini tarehe mosi Februari yule wa kumi na nne anaanza sawa na bingwa mtarajiwa, na utani unarudi kundini bila mtu kuubembeleza.

Wala huhitaji daftari. Jedwali la ligi ndani ya mchezo lina mahali pa kuchagua mwezi, nalo linakupangia lenyewe. Kubalianeni tu mapema kwamba mwezi ni ule unaoonekana pale, maana kuna mtu atakuja na kalenda yake.

2. Fungua ligi ya pili katikati ya msimu

Unapounda ligi ya faragha unaruhusiwa kuchagua hesabu ianze raundi gani. Weka ya 20, tuma namba ya kujiunga, basi. Timu ni zilezile, pointi zinaanza upya. Wako wazee wa ligi watakaosema hii inashusha hadhi ya ubingwa mkuu. Waache waseme, bingwa wao atabaki kuwa bingwa.

3. Uliza zawadi yako inamtuma mtu afanye nini

Wenye mchezo wenyewe wanajua nguvu ya jambo hili. Kwa miaka mingi beki wa kati aliyeshinda anaondoa mipira ya hatari hakuambulia pointi za moja kwa moja kwa kazi hiyo. Pointi zake zilitoka hasa kwa timu kutofungwa, au kwa bao la bahati kwenye kona. Makocha wa Fantasy wakawa wanakimbilia mabeki wa pembeni wapiga krosi. Kuanzia msimu wa 2025/26 beki akifikisha vitendo kumi vya kuzuia katika mechi moja anapata pointi 2. Watu ambao hawajawahi kumsifia beki maishani mwao wakaanza kutaja idadi ya mipira aliyoondoa fulani dhidi ya fulani. Mpira uwanjani haukubadilika. Kilichobadilika ni malipo.

Sasa rudi kwenye ligi yenu. Mmeweka zawadi ya kinara wa wiki? Vizuri, ila kila uhamisho unaozidi ule wa bure hukata pointi 4, na mwenye njaa ya zawadi ya wiki hii atachukua makato ya 8 au 12 bila kupepesa jicho. Kwa hiyo andika wazi kwamba pointi za wiki zinahesabiwa baada ya makato. Usipoandika, utakuwa umewalipa watu waharibu timu zao, halafu Machi unashangaa wameenda wapi.

4. Nafasi ya dunia huwafanya watu wawe kondoo

Mchezo huu una timu zaidi ya milioni 11, na kila kocha huonyeshwa namba yake kati ya hizo, na kamshale kekundu au ka kijani pembeni. Kamshale hako kana madaraka makubwa kuliko wanavyokiri wenyewe. Msimu wa 2022/23, Erling Haaland alipofunga mabao 36, kuna wakati alikuwa kwenye zaidi ya asilimia 80 ya vikosi vyote. Kutokuwa naye ilikuwa kama kutembea bila viatu kwenye vigae: labda utafika, lakini kwa nini? Msimu wa 2024/25 ilikuwa zamu ya Mohamed Salah, aliyemaliza na pointi 344, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya mchezo huu.

Anayelinda namba yake anafanya busara kununua wanayenunua wote na kumpa unahodha wanayempa wote. Kwa ligi ya marafiki, busara hiyo ni sumu. Vikosi vinafanana wachezaji tisa kwa kumi na mmoja, bao likifungwa wote wanapiga kelele pamoja, na hakuna wa kumcheka.

Dawa ninazozipenda ni mbili. Ya kwanza ni zawadi ya mchezaji adimu: kila mwezi anatuzwa mwenye pointi nyingi kutoka kwa mchezaji ambaye hakuna mwingine kwenye ligi anaye. Hii lazima mtu aihesabu kwa mkono, kwa hiyo mtafute yule mwanachama anayependa majedwali. Kila kundi linaye. Ya pili ni ligi ya ana kwa ana, ambayo mchezo unaitoa bure: wiki hii unakutana na Juma, wiki ijayo na shemeji yake. Ukiwa na mtu mmoja wa kumpiga, kununua anachonunua yeye hakukusaidii chochote.

5. Mteue mpiga kengele, umpe na cheo

Timu nyingi hufa kwa sababu ya saa. Mchezo hufunga dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Jumamosi yenye mechi ya mapema, kwetu Afrika Mashariki hiyo huwa saa saba mchana. Uingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inasogea hadi saa nane. Ijumaa ndiyo inayoua. Mechi ni saa nne usiku, mlango unafungwa saa mbili na nusu, na mwanachama yuko ndani ya daladala, simu ina asilimia sita ya chaji, nahodha wake ni majeruhi tangu Jumanne. Saa mbili na dakika thelathini na moja anaandika kundini: "Jamani imeshafunga?" Kicheko chote cha usiku huo ni juu yake.

Akifanyiwa hivyo mara mbili tatu, anaacha. Kwa hiyo mpe mtu mmoja kazi ya kutangaza saa moja kabla, na jina lake liandikwe kwenye maelezo ya kundi: Mpiga Kengele Mkuu. Malipo yake ni cheo na lawama. Utashangaa jinsi watu wanavyokitaka.

6. Sifa nayo ni zawadi, na haina gharama

Kwenye Wikipedia wahariri hupeana nyota, picha tu inayobandikwa kwenye ukurasa wa mtu kumshukuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wahariri wachapakazi zaidi na kuwapa nyota hiyo. Katika siku 90 zilizofuata kazi yao ilikuwa juu kwa asilimia 60 kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Hakukuwa na senti hata moja.

Weka hilo kando ya kilichotokea kwa Wikipedia ya Kiswahili. Mwaka 2009 Google ilifungua shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na kati ya zawadi zilikuwamo kompyuta. Makala zilimiminika kwelikweli. Zawadi zilipokwisha kugawiwa, wengi wa waandishi wale hawakuonekana tena. Walikuja kwa ajili ya kompyuta, na si kosa lao, ndivyo tangazo lilivyosema.

Kwa hiyo bingwa wa mwezi picha yake iwe picha ya kundi, na jina la kundi libadilishwe kwa siku saba liwe analotaka yeye. Hili lina faida nyingine. Katika makundi mengi wapo wenye imani kwamba kuchanga hela na kumpa mshindi ni kamari, na hawatachanga. Wasilazimishwe, wala wasitaniwe. Ligi ya vyeo inawatosha wote.

7. Zawadi ya ghafla mara mojamoja

Isitangazwe. Vocha ya bando kwa aliyeshika mkia bila kukata tamaa, kwa mfano. Ikitangazwa, mwezi ujao watu watagombea mkia.

8. Adhabu kwa aliyetelekeza, si kwa aliyeshindwa

Makundi mengi humvisha wa mwisho jezi ya wapinzani au humtwisha gharama ya nyama choma. Inachekesha ikiwa wa mwisho ni bosi. Ikiwa ni kijana aliyejiunga mwaka huu, mwakani humwoni. Afadhali faini imwangukie aliyeacha timu yake raundi tano bila kuigusa. Hata hapa jiandae: wajanja watabadilisha kipa wa akiba mara moja kwa mwezi ili waonekane wapo. Mimi ningewaacha, aliyefungua programu kwa ajili ya kipa wa akiba mara nyingi huishia kuangalia na nahodha.

9. Hela zishikwe na asiyecheza

Ikiwezekana awe mke wa mwenyekiti. Michango iingie kwenye simu kabla ya raundi ya tatu, picha ya salio ibandikwe kundini, na asiyelipa aondolewe kwenye ligi, si kwenye kundi, maana utani wake bado mnauhitaji. Pointi zikilingana, mchezo humweka juu aliyefanya uhamisho mchache zaidi. Kwa jedwali ni sawa, ila kwa hela gawaneni nusu kwa nusu, na mwandike hivyo mapema, Julai, wakati hakuna anayejua itamhusu nani.