Serikali Humjuaje Mzee wa Kweli?

Huenda nyumbani kwenu yupo babu au bibi anayengoja pesa za Inua Jamii, Sh 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 mpango ulifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Lakini sisi wa Kwale twaijua habari hii zamani: mwaka 2004 malipo ya kulea mayatima yalianza kujaribiwa hapa, Garissa na Nairobi, Sh 500 kwa mwezi, jumla ya nyumba 500.

Penye pesa wajanja hawakosi. Kuna anayeongeza umri, anayejiandikisha mara mbili, na mbaya zaidi, anayeendelea kupokea fungu la marehemu. Dawa ya kwanza ni baraza: majina husomwa mbele ya watu, na kijijini nani asiyejua nani kazikwa? Kisha namba ya kitambulisho hukaguliwa. Mwisho, kumekuwa na alama za vidole wakati wa kulipwa. Maiti haweki kidole!

Lakini hapo ndipo kasheshe. Bibi zetu hapa Kinondo wamelima na kukuna nazi miaka hamsini, mistari ya vidole imefutika, mashine imekuwa ikiwakataa. Bibi yangu alirudishwa hivyo mara mbili na wakala mmoja, na nauli ya Ukunda imeshatoka. Ndiyo maana mzee huruhusiwa kuandikisha mlezi ampokelee. Kumbe mlezi mwenyewe naye aweza kulila fungu! Mimi naona baraza lashinda mashine, ila majina yasomwe kila mwaka, si siku ya kuandikisha tu.